Maisha ya Bwana Rudolf Diesel

Baba yangu ni dereva wa lori la mizigo katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Tangu utoto wangu nimelisikia neno dizeli kila siku nyumbani: mara bei ya dizeli imepanda, mara shati linanuka dizeli. Nilidhani ni jina la mafuta tu. Muhula huu, mwalimu wetu wa Fizikia alipotufundisha habari za injini, ndipo nilipotambua kwamba Diesel alikuwa mtu, tena mtu mwenye huzuni zake. Nikazitafuta habari zake, nami napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu yale niliyoyapata.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka wa 1870 vita vilizuka baina ya Wafaransa na Wajerumani, basi jamaa hii ikalazimika kuhamia London. Maisha yalikuwa ya dhiki, na Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa kwa ndugu zao katika mji wa Augsburg, katika nyumba ya mwalimu wa hesabu. Huko alijitia katika masomo kwa bidii, akapata nafasi katika chuo cha ufundi cha Munich, na mwaka wa 1880 akashinda mtihani wake kwa sifa kubwa.

Chuoni alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Profesa huyu aliwaeleza wanafunzi kwamba katika kila sehemu 100 za joto la makaa, injini ya mvuke hugeuza kuwa kazi sehemu 10 tu au pungufu. Zilizobaki hupotea bure. Jambo hili lilimkaa kijana moyoni. Tangu hapo shabaha yake ikawa kuunda injini isiyoupoteza moto.

Wazo lake si gumu kufahamu. Kila aliyejaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto, kwa kuwa hewa ikishindiliwa huzidi joto. Diesel alikusudia kuishindilia hewa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mno, hata iweze kuyawasha mafuta bila cheche. Mwaka wa 1893 alipewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, na kiwanda cha mitambo cha Augsburg kikakubali kumsaidia.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi wa Agosti mwaka huo mashine ya kwanza ilipotiwa mafuta, kipimo chake kilipasuka kwa kishindo. Hata hivyo jambo kuu lilikuwa limethibitika: mafuta yaliwaka bila cheche. Mwezi wa Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja tu. Diesel hakukata tamaa. Akabomoa, akaunda tena. Ndipo Februari 1897 injini mpya ikapimwa na Profesa Moritz Schröter, ikaonekana kuwa inageuza kuwa kazi sehemu 26 katika kila 100. Injini za mvuke zilikuwa zimeachwa nyuma sana.

Habari iliyonistaajabisha kuliko zote ni ya mwaka wa 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris. Huko injini moja ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ikafanya kazi vizuri bila kubadilishwa kitu. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa sababu karanga zilistawi katika makoloni yake ya Afrika. Diesel mwenyewe aliamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yangekuwa na maana kubwa katika kuendesha mashine.

Sifa zake zilienea, lakini fedha zilimponyoka. Mashauri ya kugombea uvumbuzi wake, maradhi na biashara mbaya vilimwingiza katika madeni. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa katika meli iitwayo Dresden, akitoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana chumbani mwake. Baada ya siku kumi hivi maiti yake ilionekana baharini. Alikuwa na umri wa miaka 55, ameacha mke na watoto watatu. Hakuyaona malori ya dizeli yaliyoonyeshwa Berlin mwaka wa 1924, ambayo ndiyo babu wa lori la baba yangu.

Hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Injini hii imesafirisha chakula, saruji na vitabu hivi tunavyosoma, nayo ndiyo iliyonilipia ada. Lakini moshi wake unadhuru mapafu, na mwaka wa 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliutaja kuwa unaleta saratani. Kwa hiyo nchi zetu za Afrika Mashariki zilipunguza kiberiti katika dizeli mwaka wa 2015, na ulimwenguni sasa yapo malori yaendayo kwa umeme. Mota ya umeme hugeuza kuwa mwendo sehemu 90 hivi katika kila 100 za umeme inaopewa, wala haitoi moshi. Taabu yake ni betri, ambazo ni nzito na ghali, na mahali pa kuzijaza njiani. Tena umeme ukitokana na makaa ya mawe, moshi umehama tu. Bali sisi tunalo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Wakati wa likizo nilimsimulia baba mambo haya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama lori la umeme nalo litahitaji dereva, na nani atalitengeneza likiharibika mlimani Kitonga. Sikuwa na jibu la swali la pili. Tangu siku hiyo nayafanya masomo ya umeme kwa bidii zaidi kuliko yote. Nadhani kuitafuta mashine iliyo bora kuliko injini ya Bwana Diesel si kumdharau, kwa maana yeye naye alianza kwa kuuliza kwa nini moto mwingi hivyo unapotea bure.