Padri Damien na Jamaa za Molokai



Katika kitabu hiki cha jubilei yameandikwa majina ya mapadri waliofungua parokia yetu, na ni haki yao. Pamoja nao tumependa kusimulia maisha ya mmisionari mmoja ambaye hakukanyaga kamwe nchi ya Kongo, ndiye Padri Damien De Veuster wa Molokai. Wengi wetu tulisikia jina lake tungali watoto wa katekisimu, maana wamisionari wengi waliotubatiza walikuwa Wabelgiji kama yeye, na ndugu wa shirika lake walikuja kufanya utume huko Kole, katika Sankuru. Lakini tumeona ya kuwa watu hushika neno moja tu la habari zake, yaani alikwenda kwa wagonjwa wa ukoma, akaambukizwa, akafa. Ni kweli. Walakini kati ya kufika kwake na kufa kwake ilipita karibu miaka 16, na mtu hafi kila siku. Miaka hiyo yote aliamka asubuhi akafanya nini? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaandika hapa.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, mtoto wa saba kati ya wanane, akaitwa Jozef. Baba yake alikuwa mkulima na mchuuzi wa nafaka. Alikusudia kumwachia Jozef biashara hiyo, kwa hiyo akampeleka shuleni Braine-le-Comte ajifunze Kifaransa. Kijana alikuwa na mikono yenye nguvu, iliyozoea kazi za shamba. Mwanzoni mwa mwaka wa 1859 akamfuata kaka yake Pamphile katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, huko Leuven. Wakubwa hawakumpokea kwa upadri, kwa sababu hakujua Kilatini. Pamphile akaanza kumfundisha maneno machache machache, naye akayashika upesi hata wakubwa wakageuza shauri. Sisi tuliokaa miaka katika seminari ndogo na kutoa jasho juu ya Kilatini bila kufika altareni, tunasoma habari hiyo kwa wivu kidogo.

Siku ya nadhiri zake, tarehe 7 Oktoba 1860, alilala kifudifudi kanisani, akafunikwa kitambaa cha maziko, kama ilivyokuwa desturi ya shirika. Hakukisahau kitambaa kile.

Mwaka wa 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Siku zile vilikuwa ufalme wenye mfalme wake. Leo ni sehemu ya Marekani. Kumbe Pamphile akashikwa na homa ya tifusi aliyoipata kwa kuwahudumia wagonjwa. Damien, ambaye bado hakuwa padri, akamwandikia Mkubwa wa shirika huko Paris kuomba nafasi ya kaka yake, bila kupitia kwa mkubwa wake wa Leuven. Akakubaliwa. Desturi hiyo ya kukata njia itamletea baadaye magomvi mengi, wala hatutaki kuificha. Akaagana na mama yake, wasionane tena. Safari ya merikebu ilidumu zaidi ya miezi minne. Akafika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Yosefu Mtakatifu. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Mei, akapewa upadri. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Alitumwa kwanza Puna, katika kisiwa kikubwa kinachoitwa Hawaii kama visiwa vyote. Sisi watu wa Kongo ya mashariki tunaojua Nyiragongo tutaifahamu nchi ile bila shida: huko kuna mlima Kilauea, na miguu ya msafiri hukanyaga mawe meusi yaliyokuwa moto. Mwaka wa 1865 alibadilishana mahali na mwenzake aliyekuwa mdhaifu, akachukua Kohala na Hamakua, eneo kubwa mno lenye mabonde na magenge. Alizunguka kwa farasi au kwa miguu, akibeba altare ya safari. Palipokosekana kanisa alilijenga mwenyewe pamoja na wakristu, na mbao nzito alizibeba mabegani. Na alipokuwa mbali, wakristu wenyewe walikusanyika siku ya Dominika, mmoja wao akiongoza sala. Tunalitaja neno hilo kwa makusudi, maana wanaoandika maisha ya wamisionari hulipita haraka. Padri alifika, akatoa Misa, akaondoka. Aliyebaki na watu ni yule mwalimu asiyekuwa na jina kitabuni.

Sasa tueleze habari ya ukoma. Tarehe 3 Januari 1865, siku Damien alipotimiza miaka 25, mfalme wa Hawaii alitia sahihi sheria ya kuwatenga wagonjwa wote wa ukoma. Dawa haikuwapo. Kuanzia Januari 1866 wagonjwa walipelekwa katika kisiwa cha Molokai, kwenye rasi ya Kalaupapa iliyozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne ukuta wa mlima unaopita mita 600. Wahawaii hawakuuogopa ugonjwa sana kama Wazungu. Waliogopa kutengwa. Ndiyo sababu waliuita ugonjwa unaotenga watu. Mama alichukuliwa mbele ya watoto wake, mume mbele ya mke. Wengine waliwaficha wagonjwa wao katika misitu. Wengine walikubali kuwafuata: mke mzima aliomba ruhusa ya kwenda na mume wake mgonjwa ili ampikie na kumwosha, akijua ya kuwa pengine hatarudi. Watu hao waliitwa kokua, maana yake msaada. Kwa sisi, hao ndio wa kwanza waliofanya yale ambayo Padri Damien alisifiwa kwayo, nao waliyafanya kabla yake. Wakristu wagonjwa nao walikuwa wameomba padri, na mwaka wa 1872 Frera mmoja aliwajengea kikanisa cha Filomena Mtakatifu katika kijiji cha Kalawao.

Mwezi wa Mei 1873 Askofu Maigret aliwaeleza mapadri wake shida hiyo. Wanne walijitoa wapokezane zamu, na Damien ndiye aliyetangulia. Alishuka Molokai tarehe 10 Mei, pamoja na Askofu, wagonjwa wengine na ng'ombe. Nyumba hakuwa nayo. Alilala siku za kwanza chini ya mti wa mkadi kando ya kanisa. Zamu ile haikuwa na mwisho, kwa kuwa mwenyewe aliomba kubaki.

Kazi zake za siku zilikuwa hivi. Aliamka alfajiri, akasali, akatoa Misa, akafundisha katekisimu. Kisha akaanza kuingia nyumba kwa nyumba, za wakatoliki na za wasio wakatoliki, maana wagonjwa walikuwa mamia na wengi hawakuwa wa kanisa lake. Alisafisha vidonda na kuvifunga vitambaa. Mwanzoni harufu ilimshinda, hata mara nyingine akatoka nje kuvuta hewa. Ndipo akajizoeza kuvuta tumbaku ya kiko ili aweze kukaa ndani. Walipomkaribisha chakula chao kiitwacho poi, yaani mateke yaliyopikwa na kupondwa yakawa kama uji mzito, alitia vidole katika chombo kimoja pamoja nao. Waliokuwa na busara walimwonya asiguse. Lakini kwa Mhawaii, mtu anayekataa chombo chako amekukataa wewe, naye Damien hakutaka kuwa mgeni wa namna hiyo. Je, alikosa hekima? Leo waganga wanajua ya kuwa miili ya watu wengi hushinda ukoma wenyewe, na anayepata dawa hupona; yeye hakujua hayo. Alijua tu kwamba akisimama mlangoni, maneno yake yatabaki mlangoni naye. Hata katika mahubiri alizoea kuwahesabu wagonjwa na nafsi yake pamoja, akisema sisi wenye ukoma, miaka mingi kabla ya kuugua.

Mchana alikuwa seremala. Maji yalikuwa mbali, na mwenye vidole vilivyokatika hawezi kubeba ndoo. Aliomba mabomba kwa serikali, na pamoja na wagonjwa wenye nguvu wakayalaza toka bondeni hadi kijijini. Mwaka wa 1874 upepo wa kusini uliangusha vibanda vibovu vya wagonjwa, wakalala katika mvua. Serikali ilileta mbao, Damien na watu wake wakajenga nyumba ndogo zilizoinuliwa juu ya ardhi, jamaa moja baada ya jamaa. Tusidhani alijenga peke yake kama picha zinavyoonyesha. Wagonjwa ndio waliopiga misumari, kila mmoja kwa vidole alivyobaki navyo.

Alichonga masanduku ya maiti vilevile. Kabla ya hapo wengi walizikwa bila sanduku, katika shimo la kina kidogo. Damien alizungushia makaburi ua, akachimba, akazika kwa mamia. Wagonjwa waliunda chama cha mazishi, wakimsindikiza mwenzao kwa ngoma na nyimbo. Yule maskini aliyetupwa na dunia akafikishwa kaburini kama mtu mwenye ukoo. Walikuwa na kwaya pia na vyombo vya muziki. Husimuliwa juu ya wapiga kinanda wawili waliokaa pamoja, mmoja akitimiza kwa vidole vyake vile vilivyokosekana kwa mwenziwe.

Jambo lililomsumbua kuliko yote lilikuwa watoto. Wengine waliletwa bila wazazi, wengine wazazi walikufa mbele yao, na watu wabaya wakawafanya watumishi wao au zaidi ya hayo. Damien akawajengea nyumba za yatima karibu na nyumba yake, za wavulana mbali na za wasichana, akawatafutia mpishi, nguo na mwalimu. Hapo tunaona kazi yake ilivyokuwa: sheria ilivunja jamaa, naye kila siku alijaribu kuunganisha vipande.

Hakuwa malaika. Wagonjwa walikuwa wakitengeneza pombe kali kwa mizizi ya mmea wa huko, mfano wa kanyanga kwetu, na Damien aliwatokea na fimbo mkononi, akapindua vyungu vyao. Wengine walimchukia kwa sababu hiyo. Aliisumbua serikali kwa barua, akawachosha wakubwa wake kwa maombi, na wasaidizi wachache waliomjia aligombana nao mara nyingi. Mapadri wenzake walisema ni mkaidi. Tunasadiki walisema kweli, na pengine mtu asiye mkaidi asingalivumilia pale mwaka mmoja.

Upweke ulimwuma kuliko kazi. Alihitaji padri wa kumwungamia, na mwanzoni alikatazwa kutoka. Siku moja mkubwa wake alipita katika merikebu, lakini nahodha hakumruhusu kushuka, wala Damien kupanda. Basi Damien akasimama ndani ya mtumbwi chini ya merikebu, akaungama dhambi zake kwa sauti, kwa Kifaransa, watu wakiangalia. Baadaye marufuku ililegezwa. Akawa akipanda ule ukuta wa mlima na kuwahudumia wakristu wa upande wa pili wa Molokai, akawajengea makanisa nako.

Mwezi wa Desemba 1884 alitia miguu yake katika maji ya moto, ngozi ikababuka naye hakusikia maumivu. Alifahamu mara moja. Mwaka uliofuata waganga walithibitisha. Hakupunguza kazi, bali alienda mbio zaidi, kama mtu aonaye jua linashuka na paa halijafunikwa. Msaada ukafika mwishoni: Mmarekani Joseph Dutton, mlei kama sisi, mwaka wa 1886, Padri Conrardy, Mbelgiji mwenziwe, mwaka wa 1888, na mwezi wa Novemba mwaka uleule Mama Marianne Cope na masista wawili, wakawatwaa wasichana. Damien akafa tarehe 15 Aprili 1889, siku ya jumatatu ya Juma Takatifu, mwenye umri wa miaka 49. Alizikwa kando ya kanisa, chini ya mkadi uleule aliolala siku za kwanza.

Baada ya kifo chake mchungaji mmoja wa Honolulu alimsingizia mambo ya aibu. Aliyemjibu kwa nguvu, mwaka wa 1890, alikuwa mwandishi Robert Louis Stevenson, wala hakuwa mkatoliki. Sheria ya kutenga iliendelea Hawaii hadi mwaka wa 1969, na watu wapata 8,000 walipelekwa Molokai kwa muda wote huo. Kwetu Kongo chama kinachochukua jina la Damien kimefanya kazi pamoja na waganga wetu, na ukoma ungali unaonekana vijijini ijapokuwa dawa yake hutolewa bure.

Mwaka wa 1936 Wabelgiji waliomba mwili wake. Ukaletwa Antwerpen kwa merikebu, mfalme akaupokea, ukazikwa Leuven. Wagonjwa wa Molokai walisikitika, maana kwa mara nyingine walichukuliwa mtu wa jamaa yao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 4 Juni 1995, na Benedikto XVI alimtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Mwaka ule wa 1995 Ubelgiji ilikubali kuwarudishia watu wa Kalawao kiungo kimoja cha mwili wake. Wakapewa mkono wa kuume, nao wakauzika katika kaburi lake la kwanza, kando ya kanisa la Filomena Mtakatifu.