Langley: Kidege Kiliruka, Ndege Ikazama

Geto langu liko Mkolani, na juu ya kabati kuna kidege cha foamu na vijiti vya mianzi, bawa moja limevunjika. Nilikitengeneza wiki ile niliyopata sapu mbili, nikaenda kukirusha ufukweni Luchelele. Hakina rimoti wala uzi. Unasokota raba inayozungusha panga, unakiachia, basi, kinajitegemea. Kilienda kama hatua kumi kikatumbukia ziwani. Watoto waliokuwa wanavua wakacheka hadi wakakaa chini.

Usiku ule nikaanza kusoma maisha ya Samuel Pierpont Langley. Wadau, huyu mzee alichekwa na nchi nzima.

Alizaliwa mwaka 1834 huko Roxbury, Massachusetts, Marekani. Alimaliza sekondari, chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Alifanya kazi ya kuchora ramani za majengo, huku akijifundisha elimu ya nyota mwenyewe. Mwaka 1867 akapewa kuongoza kituo cha kutazama nyota cha Allegheny, karibu na Pittsburgh. Kituo hakikuwa na hela, akawa anayauzia mashirika ya reli saa sahihi kwa njia ya simu ya waya. Pia alibuni bolometa, chombo cha kupima joto dogo mno kutoka kwenye jua. Mwaka 1887 akawa mkuu wa taasisi ya Smithsonian, Washington.

Pamoja na heshima yote hiyo, akili yake ilikuwa kwenye videge. Alianza na vya raba, kimoja baada ya kingine, na vingi vilianguka. Akahamia injini ya mvuke. Tarehe 6 Mei 1896, kidege chake Namba 5, chenye mabawa ya mita 4 hivi na uzito wa kilo kama 11, kilirushwa kutoka juu ya nyumba iliyojengwa kwenye boti, mto Potomac. Kikapaa karibu kilomita moja bila mtu, kikatua majini taratibu. Wakakikausha, wakakirusha tena siku hiyohiyo. Mwaka 1901 akarusha kingine cha injini ya petroli. Kabla ya hapo hakuna chombo kizito kuliko hewa kilichowahi kupaa kwa petroli.

Sasa jeshi lilikuwa limeshampa dola 50,000 atengeneze ndege ya kubeba mtu. Langley akachukua umbo la kidege chake cha petroli, akalikuza mara nne. Hapo ndipo alipokosea. Kitu kikikua mara nne kwa kila upande, uzito unapanda kuliko nguvu ya mbao zake. Halafu kidege cha kuachiwa huru hujisawazisha chenyewe hewa ikiwa tulivu, hakihitaji dereva. Charles Manly, aliyewekwa pale kama rubani, hakuwahi kuendesha ndege hata dakika moja.

Tarehe 7 Oktoba 1903 ndege ikaenda moja kwa moja majini. Tarehe 8 Desemba ikavunjikia hewani, Manly akaokolewa kwenye maji ya baridi kali. Magazeti na wabunge wakamkejeli mzee wa watu. Siku tisa baadaye, ndugu wawili Wright, mafundi baiskeli, wakaruka Kitty Hawk. Hao walikuwa wametumia miaka kadhaa wakilala wenyewe juu ya ndege zisizo na injini, wakijifunza kuongoza kwanza. Na mwaka 1899 walikuwa wameiandikia Smithsonian, ofisi ya Langley, kuomba machapisho ya kusoma. Wakatumiwa.

Langley alifariki mwaka 1906, hakurusha tena. Meli ya kwanza ya Marekani ya kubebea ndege za kivita ilikuja kupewa jina lake.

Mimi nilichokipata kwake si faraja ya sapu. Ni swali: je, nilichokiweza kikiwa kidogo nimekielewa, au kilibahatika tu? Zile sapu mbili zimetokana na masomo ya mwaka wa kwanza niliyoyapita kwa desa. Kwa hiyo nimerudi kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, ukurasa wa kwanza.

Kidege nacho nimekibandika udongo kidogo puani, maana kilikuwa kizito mkiani. Jumamosi naenda tena Luchelele. Wale watoto wameshaniuliza saa ngapi.