Tom Mboya, shukrani zetu na viti ambavyo Garissa haikupata

Thomas Joseph Mboya hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu. Aliacha shule kwa sababu ya karo, akafanya kazi ya bwana afya, na alipouawa Julai 1969 alikuwa na umri wa miaka 38 tu. Hata hivyo, kwa juhudi zake na za wenzake, takribani vijana 800 wa Kenya na nchi jirani walivuka bahari kwenda kusoma Marekani kati ya 1959 na 1963. Kila mzazi wa Garissa, Wajir au Mandera anayehangaika leo kutafuta karo ya mwanawe ana sababu ya kuyajua maisha ya mtu huyu. Ana sababu ya kumshukuru, na pia ana swali la kumuuliza.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga kutafuta riziki. Kijana alisomea shule za misheni: Kabaa katika Ukambani, Yala katika Nyanza, kisha Mang'u. Mwisho wa 1947 mfuko wa baba haukutosha tena, na wadogo zake nao walikuwa wanasubiri zamu yao. Akaingia Jeanes School, Kabete, kwa sababu huko wanagenzi wa ukaguzi wa afya walisoma bila kuilemea familia.

Mwaka 1951 aliajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Alipima maziwa, alikagua mikahawa, na alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hasira hiyo ilimtia katika vyama vya wafanyakazi. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo nchini. Sisi wa mwambao tunamkumbuka kwa mwaka 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma naye akateremka kuwasemea hadi wakapata nyongeza ya mshahara.

Mwaka huo huo mlango ulimfungukia yeye mwenyewe. Kwa ufadhili, alikwenda kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Mwaka 1956 alizuru Marekani kwa mara ya kwanza, na huko akafanya urafiki na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege. Scheinman alianza kutoa pesa zake mwenyewe kuwalipia nauli wanafunzi wachache. Mpango mkubwa uliofuata ulianzia hapo.

Machi 1957 Mboya alichaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria. Uhuru ulikuwa unakaribia, na yeye aliona hatari moja: bendera ingepandishwa bila wahandisi, wachumi na walimu Waafrika wa kutosha kuiendesha nchi. Serikali ya kikoloni ilitoa nafasi chache mno, na ilizibeza shahada za Marekani. Aliporudi huko 1959, alizunguka vyuoni akiomba nafasi. Vyuo vilikubali kusamehe karo. Kilichobaki ni nauli, na nauli ya ndege wakati huo ilikuwa mali.

Basi marafiki zake wakaunda wakfu wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwanamuziki, na Sidney Poitier, mwigizaji, walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba 1959 ndege moja ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, baada ya Mboya kumtembelea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port.

Hao ndio wanaotajwa. Wasiotajwa ni wengi zaidi. Huku nyumbani Dkt. Julius Kiano na Kariuki Njiiri waligawana naye kazi ya kuwateua wanafunzi. Vijijini watu waliuza ng'ombe, wakaandaa karamu za chai na kuchangishana shilingi moja moja ili mtoto wa jirani apate koti na pesa za kuanzia maisha. Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, aliyekwenda kusomea sayansi Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani ya 2004.

Lakini tazama ramani ya waliosafiri. Wengi walitoka Mkoa wa Kati na Nyanza, kwenye shule za misheni. Eneo la Kaskazini lilikuwa limefungwa kwa sheria tangu miaka ya 1920, mtu haingii wala hatoki bila kibali, na shule zilihesabika kwa vidole. Huwezi kumteua mwanafunzi ambaye hakujengewa darasa.

Hapo lawama ni ya mkoloni. Inayofuata inamgusa Mboya. Mwaka 1965, akiwa waziri wa mipango ya uchumi, wizara yake ilitayarisha Waraka wa Bunge nambari 10, ulioelekeza pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi yenye rutuba, mvua na barabara. Kaskazini Mashariki haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na wakati huo ilikuwa katikati ya vita vya Shifta. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi 1991. Aliyewafungulia vijana 800 mlango aliisimamia sera iliyowaacha wengine nje. Kumshukuru mtu hakutuzuii kusema hivyo.

Julai 5, 1969 alipigwa risasi mchana akitoka duka la dawa jijini Nairobi. Alizikwa Rusinga.

Garissa ilisubiri hadi 2011 kupata chuo kikuu cha umma, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Aprili 2, 2015 magaidi waliua watu 148 humo, wengi wao wanafunzi waliotumwa na familia zilizojinyima kwa ajili yao. Masomo yalirejea mwaka uliofuata, na chuo kikapata hati yake kamili 2017.

Leo ngamia anauzwa, jamaa wa Eastleigh anatuma chochote, msikiti unachangisha, basari ya kaunti inaongezea, na kijana anapanda ndege. Ni mpango ule ule wa 1959, bila wakfu wa Kennedy. Wale waliokwisha kufika, wenye kazi na mishahara, wanajua nani aliwauzia ngamia. Wengi wa wafadhili hao hawatadai kurudishiwa hata senti. Wapo watoto wa darasa la nane la jana wanaongoja nauli, na deni hilo linalipwa kwao.