Abraham Lincoln na Kiti cha Seneti

Abraham Lincoln alizaliwa mwaka 1809 huko Kentucky, Marekani, katika kibanda cha magogo. Shuleni hakukaa hata mwaka mzima, lakini alipenda vitabu, akajifundisha mwenyewe hata akawa mwanasheria katika jimbo la Illinois.

Kila jimbo la Marekani lina viti viwili katika Seneti. Siku hizi raia huchagua maseneta wao, bali kabla ya mwaka 1913 waliochagua walikuwa wajumbe wa baraza la jimbo.

Mwaka 1854 ilitolewa sheria iliyofungua mlango wa utumwa katika nchi za Kansas na Nebraska, ambako ulikuwa umekatazwa tangu mwaka 1820. Lincoln alichukizwa mno, akakitaka kiti cha Seneti apate kuipinga.

Tarehe 8 Februari 1855 wajumbe wakakutana mjini Springfield. Kura za kwanza Lincoln alipata 44, James Shields 41, na Lyman Trumbull 5. Ili kushinda ilipasa kupita nusu. Wale watano waliichukia sheria ile kama Lincoln mwenyewe, lakini walikuwa wa chama kingine, wakakataa katakata kumchagua. Basi kura zikapigwa tena na tena. Watu wa Shields wakamgeukia gavana Joel Matteson, na mara ya 9 akapata 47. Lincoln alibaki na 15 tu. Naye hakumwamini Matteson katika jambo la utumwa. Akawaambia rafiki zake wampe Trumbull kura zao, na mara ya 10 Trumbull akashinda kwa kura 51.

Fikirini, mwenye 44 kumwachia mwenye 5! Jioni ile Lincoln alimpongeza Trumbull kwa moyo mweupe. Mkewe, Mary, hakuweza. Akavunja urafiki na mke wa Trumbull, shoga yake tangu ujana.

Lincoln akajaribu tena, na Januari 1859 wajumbe wakampa Stephen Douglas kura 54, yeye 46. Kiti kile hakukipata kamwe. Lakini mwaka 1860 alichaguliwa kuwa Rais, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ni Trumbull aliyeongoza kamati ya Seneti iliyoandika maneno ya kufuta utumwa katika katiba. Lincoln akayatia sahihi tarehe 1 Februari 1865. Yalithibitishwa na majimbo Desemba mwaka ule. Lincoln alikuwa amekwisha kuuawa kwa bastola mwezi wa Aprili.