Michael Foster: Profesa aliyelea maua yanayochanua kwenye baridi kali

UKISIKIA mtu ni daktari, profesa, mbunge na tena katibu wa chama kikubwa cha wanasayansi, unawaza nini? Bila shaka unamwona mtu asiye na hata dakika ya kupumua. Sasa ongeza hili: jamaa huyo huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa Uingereza nzima katika kulea maua adimu ya airisi, yakiwemo yale madogo yanayochanua Januari, wakati bustani nyingine zimelala fofofo.

Jina lake ni Sir Michael Foster. Alizaliwa Machi 8, 1836, mjini Huntingdon, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na familia ilikuwa ya Kibaptisti. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Siku hizo, vyeo vya kufundisha katika vyuo vya Cambridge vilikuwa vya waumini wa kanisa rasmi la nchi. Kijana Foster alikuwa na kichwa kizuri, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Akaenda zake University College, London, akapata digrii ya kwanza akiwa na miaka 18 tu. Mwaka wa 1859 akahitimu kuwa daktari.

Usidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Alihofiwa kuwa na kifua kikuu, akachukua kazi ya udaktari melini na kusafiri hadi Bahari ya Shamu. Aliporudi, alitibu wagonjwa pamoja na babake kwa miaka kadhaa huko Huntingdon. Mwaka wa 1867 akaitwa London kufundisha fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Miaka miwili baadaye mkewe akafariki, akamwachia watoto wawili wadogo.

Halafu mwaka wa 1870, Trinity College ya Cambridge ikamwajiri. Ndiyo, Cambridge ile ile! Mwaka wa 1883 akawa profesa wa kwanza wa fiziolojia chuoni humo. Yeye hakutaka mwanafunzi akae tu akiandika anachoambiwa. Alitaka aingie maabara, ashike chombo, aone kwa macho yake.

Tabia hiyo ya kuona mwenyewe ndiyo aliyoipeleka bustanini. Nyumba yake, Nine Wells, ilikuwa kijijini Great Shelford, karibu na Cambridge, juu ya kilima cha chokaa. Wengine wangelalamika kwamba udongo wa chokaa haufai. Kumbe airisi nyingi huupenda, kwa sababu maji hayatuami.

Hebu tuelewane kuhusu maua yenyewe. Airisi ni jamii kubwa. Zipo zenye shina nene linalotambaa ardhini kama tangawizi, na zipo zinazoota kutoka kwenye kitunguu kilichofukiwa. Hizi za vitunguu ndizo ngumu. Kwao ni milima na nyanda za Uturuki, Iran, Palestina na Asia ya Kati. Huko, majira ya joto ni makavu kabisa, na kitunguu hulala ardhini bila tone la maji. Mvua ikija, mizizi huamka. Kisha kwenye baridi, au theluji inapoanza kuyeyuka, ua huchomoza likiwa na kimo cha sentimita 10 au 15 hivi, la buluu, zambarau au manjano.

Sasa mmea huo ukiupeleka Uingereza, adui yake ni nani? Wengi hudhani ni baridi. La! Adui ni unyevu. Majira ya joto ya Uingereza yana mvua, na kitunguu kinachotaka kulala pakavu huoza. Kwa hivyo mkulima humpa mgeni huyu mahali penye jua na udongo unaopitisha maji haraka. Akiona haitoshi, hukifunika kitunguu kwa kioo ili mvua isikifikie, au hukipanda kwenye chungu ili akisimamie. Kuna aina nyingine, zinazoitwa juno, ambazo kitunguu chake kina mizizi minono kwa chini. Ukiing'oa kwa pupa mizizi ikavunjika, mmea hudhoofika. Na ukipanda mbegu? Jiandae kungoja miaka mitatu, minne au zaidi kabla ya kuona ua la kwanza.

Foster alikuwa na subira hiyo. Alipanda, akalinganisha, akachora, akaandika. Alihamisha chavua kutoka ua moja hadi jingine kwa mkono wake, akaweka kumbukumbu ya nani mama na nani baba. Mwaka wa 1892 akatoa kijitabu kuhusu airisi za vitunguu pekee.

Lakini profesa mwenye majukumu hayo yote angezipata wapi mbegu na vitunguu vya milima ya mbali? Jibu ni watu. Foster aliwaandikia madaktari, wamisionari na wasafiri walioishi huko zinakoota. Kitunguu kikiwa kimelala ni kikavu, kinaweza kusafiri wiki nyingi ndani ya kifurushi na kufika kikiwa hai. Basi posta ikawa ndiyo mtandao wake.

Mmoja wa marafiki hao alikuwa Dkt Vartan, Muarmenia aliyeanzisha hospitali mjini Nazareti. Mwaka wa 1885 Foster aliipa airisi ya sehemu hizo jina la daktari huyo: Iris vartanii. Hii huchanua katikati ya baridi na ina harufu ya lozi. Mwaka wa 1889 akaitambulisha nyingine ndogo ya majira hayo hayo, Iris bakeriana, kwa heshima ya John Gilbert Baker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew. Umeona? Jina lilimwendea rafiki, si yeye.

Kutoka Uturuki alipata pia airisi za mashina zenye maua makubwa ajabu, na kuzichanganya kwake na nyingine kulifungua njia ya airisi kubwa za bustanini tunazoziona leo.

Kisha akafanya jambo ambalo wakusanyaji wengi wa vitu adimu hushindwa kulifanya: akagawa. Aliwapa wakulima wenzake vitunguu na miche. Ukilitafakari, ni akili pia. Mmea adimu ukiwa kwako peke yako, mvua moja mbaya inaumaliza. Ukiwa kwenye bustani kumi, chako kikioza, mwenzako atakurudishia.

Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1881, alikuwa katibu wa Royal Society. Mwaka wa 1900 akaingia bungeni, na 1906 akapoteza kiti kwa kura chache mno. Alifariki London, Januari 1907, mwezi ule ule ambao airisi zake ndogo hutoa vichwa ardhini.

Maandishi yake hayakufia kabatini. Mwalimu mmoja kijana, William Rickatson Dykes, aliyatumia alipoandika kitabu kikubwa kuhusu airisi, kilichotoka mwaka wa 1913.

Kwa hivyo ukiwa na kazi ya mchana na kitu kingine unachokipenda jioni, usiambiwe kwamba lazima uchague kimoja. Foster alilea vyote viwili. Ila zingatia alivyofanya: aliandika kila alichokiona, na hakukumbatia alichonacho. Kama una mmea, ujuzi au rekodi ambayo iko kwako tu, mpe mwenzako nakala leo. Ndivyo vitu adimu vinavyoendelea kuishi.