Stuart Hamblen: Mwimbaji Aliyekataa Kutangaza Pombe

Mpendwa, kwetu Kenya ukitaja nyimbo za kantri za Marekani, mtu wa kwanza kukumbukwa ni Jim Reeves. Lakini ni wachache wanaomjua aliyetunga wimbo wa "It Is No Secret," ambao Reeves aliuimba, na kabla yake Elvis Presley na Mahalia Jackson. Huyo ni Stuart Hamblen. Maisha yake yana funzo kwa kila mmoja wetu anayetafuta riziki.

Hamblen alizaliwa Texas mwaka 1908. Babake alikuwa mhubiri wa Methodisti, kwa hivyo Neno alilisikia tangu akiwa mdogo. Lakini kuzaliwa nyumbani kwa mhubiri si kuokoka. Kijana alishika gitaa akaenda zake California, na miaka ya 1930 akawa na kipindi cha redio Los Angeles kilichopendwa sana. Aliimba nyimbo za makauboi, za farasi na za nyika. Akaigiza sinema pia. Pesa ikaja, akanunua farasi wa mashindano. Pamoja na pesa ikaja pombe, kamari na ugomvi. Mkewe, Suzy, hakuchoka kumwombea.

Mwaka 1949 mhubiri kijana wa miaka 30, Billy Graham, alipiga hema kubwa Los Angeles. Hamblen alikwenda kumsikiliza. Mahubiri yalimchoma, akakasirika, akaondoka. Lakini ukikimbia sauti ya Mungu utajificha wapi? Usiku mmoja usingizi ulikataa kabisa. Kabla hakujapambazuka alimpigia simu Graham hotelini, akaenda huko na mkewe, wakaomba pamoja. Hapo ndipo Hamblen alipompa Yesu maisha yake.

Wakati huo Graham na wenzake walikuwa wakijiuliza kama wafunge mkutano, maana ulipangwa kuwa wa wiki 3 tu. Kuokoka kwa Hamblen walikuchukua kuwa jibu la Mungu, wakaendelea. Yeye mwenyewe akasimulia ushuhuda wake redioni, jiji zima likasikia. Watu wakafurika hemani, na mkutano ukafika wiki 8.

Sasa ngoja uone jaribu lilipokuja. Muda si mrefu Hamblen alitakiwa kusoma tangazo la bia kwenye kipindi chake. Angeweza kusema kwamba ni kazi tu, na kwamba si yeye atakayeinywa. Alikataa. Wakamfuta kazi. Mtu aliyekuwa na jina kubwa redioni kwa miaka mingi akarudi nyumbani bila kipindi.

Je, Mungu alimwacha? Hapana. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1950, ndipo alipotoa ule wimbo wa "It Is No Secret." Husemwa kwamba wazo lake lilitokana na mazungumzo na rafiki yake, mwigizaji John Wayne, kuhusu badiliko lililoonekana maishani mwake. Mwaka 1952 aligombea urais wa Marekani kwa chama kilichopinga pombe. Alishindwa vibaya, Eisenhower akachukua kiti, lakini watu zaidi ya 72,000 walimpigia kura. Mwaka 1954 wimbo wake mwingine, "This Ole House," uliimbwa na Rosemary Clooney ukashika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Huo unalinganisha mwili unaozeeka na nyumba kuukuu ambayo mwenyewe yuko karibu kuihama.

Hamblen aliihama nyumba hiyo Machi 1989, akiwa na miaka 80.

Ndugu yangu, dada yangu, labda wewe pia wiki hii utaambiwa utie sahihi risiti ya uongo, au uuze kitu unachojua kinaharibu watoto wa wenyewe. Hamblen alikataa akiwa hajui wimbo wowote utakuja. Mwombe Bwana akupe ujasiri huo kabla hujafika kazini Jumatatu.