Denis Burkitt, daktari mwenye jicho moja aliyefuata uvimbe wa watoto

Barabara ya kutoka Butembo kwenda Manguredjipa inashuka. Huku juu ni baridi, watu wanavaa makoti hata mchana. Kule chini msituni ni joto, mvua, mbu na malaria. Kuna mtumishi mmoja aliyetumia miaka mingi kutafuta mpaka wa namna hiyo unapita wapi katika Afrika, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakifa kwa uvimbe wa taya.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa injinia. Baada ya kazi alikuwa akifunga pete miguuni mwa ndege wadogo, na kuchora kwenye ramani mahali kila ndege anapoishi. Mtoto akarithi ramani. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Alianza masomo ya uinjinia Dublin, lakini huko chuoni, katikati ya wanafunzi waliokutana kusali, alijitoa kwa Bwana, akageukia udaktari. Alipoomba kazi Afrika Magharibi walimkataa kwa ajili ya jicho lile.

Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa amesomea uuguzi. Ilikuwa wakati wa vita, na jeshi halikumwacha akae na mke wake: lilimtuma Kenya kama daktari mpasuaji. Vita ilipokwisha alirudi Afrika, safari hii Uganda, mwaka 1946, kwanza Lira, halafu hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mungu aliwapa mabinti watatu.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto mmoja pale Mulago. Taya zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, meno yanalegea. Burkitt hakuelewa. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Mmoja anaweza kuwa ajabu; wawili wanamfanya mtu aulize. Alifungua madaftari ya hospitali akakuta wengine wengi, na mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza. Ugonjwa ule leo unaitwa kwa jina lake.

Kisha alichapisha karatasi zenye picha za watoto hao, akazituma kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni. Swali lilikuwa moja: mmeona hii? Majibu aliyatia kwenye ramani. Oktoba 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Kwa majuma 10 walienda maili 10,000, karibu kilomita 16,000, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali kwa hospitali. Olive hayumo ndani ya gari hilo, na wanaosimulia safari ile humsahau. Mimi naona kazi ya mume ilimgharimu pia mke.

Ramani ilionyesha kwamba karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, uvimbe haupatikani kirahisi. Alexander Haddow wa Entebbe ndiye aliyetambua kwamba sababu si kimo chenyewe, ni baridi. Mahali pa joto na mvua nyingi, pale malaria inapokaa mwaka mzima, ndipo watoto waliugua. Ukifuata kipimo hicho, mpaka unakatiza kwenye mteremko wetu.

Mwezi Machi 1961 alikuwa ameeleza habari hiyo London, na kijana Anthony Epstein alikuwa anasikiliza. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana.

Lakini wazazi waliomletea watoto hawakuuliza habari za virusi. Kisu kilikuwa kinaharibu uso na mtoto anakufa vilevile. Burkitt akajaribu dawa za kansa, na kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, wakapona kabisa. Hata leo inategemea mtoto amefika lini. Taya ikivimba na meno kulegea, wengi wetu tunadhani ni jino tu, au tunatafuta nani amemroga, na uvimbe huo unakua haraka kuliko mazungumzo ya ukoo.

Mwaka 1966 familia ilirudi Uingereza. Huko alijulikana zaidi kwa kufundisha watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, mpaka alipofariki tarehe 23 Machi 1993. Ted Williams alibaki hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, ng'ambo ya mpaka wetu, akiandika kila mgonjwa daftarini. Katika eneo hilo la West Nile, mwaka 1972, watafiti walianza kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000, na matokeo yakathibitisha kwamba virusi vile na ugonjwa vinakwenda pamoja.